Vumbi la migodini: Maradhi yasiyo na tiba ambayo maji na hewa safi huyazuia

MCHIMBAJI dhahabu anapochomoza kutoka shimoni akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, wanaomtazama humwonea huruma kwa uchafu. Yeye mwenyewe hajali sana. Ataoga, atakung'uta nguo na kesho asubuhi atarejea kazini.

Vumbi hilo linaloonekana ndilo lenye nafuu. La hatari zaidi ni lile ambalo jicho haliwezi kuliona, linaloelea hewani kwa saa kadhaa baada ya baruti kulipuliwa au mwamba kutobolewa, huku wachimbaji wakidhani hewa imekwisha kutulia.

Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile zisizozidi mikroni tano hivi, ambapo mikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe kubwa hunaswa na ute wa pua na koo, kisha hutemwa au kumezwa. Hizi ndogo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali damu inapochukua oksijeni, na huko hakuna chafya wala kikohozi cha kuzitoa.

Hakuna vumbi la mwamba lililo zuri kwa mapafu, lakini lenye madini ya silika ndilo lenye madhara makubwa. Silika imejaa kote ardhini. Imo katika mchanga wa mtoni, katika mawe ya graniti na katika yale mawe meupe magumu yaitwayo kwatsi, ambayo aghalabu ndiyo hubeba dhahabu. Anayeifuata dhahabu huifuata silika.

Maradhi yanayotokana nayo huitwa silikosisi. Seli za mwili ambazo kazi yake ni kusafisha mapafu huimeza chembe ya silika kama zinavyomeza kiini chochote cha ugonjwa. Zikishaimeza, zenyewe hufa na kumwaga kemikali zinazosababisha uvimbe. Chembe hubaki pale pale, seli nyingine huja kuimeza, nayo hufa.

Mambo yakienda hivyo kwa miaka, mwili hujaribu kujitibu kwa kujenga makovu. Vijinundu vigumu huota, hasa sehemu ya juu ya mapafu, na vikizidi huungana na kuwa mabonge. Pafu ambalo lilikuwa likinyumbuka kama sifongo huwa gumu. Hakuna dawa inayoweza kuyaondoa makovu hayo, na ubaya zaidi ni kuwa ugonjwa waweza kuendelea kukua hata baada ya mhusika kuacha kazi.

Kwa kawaida silikosisi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi la kiasi. Vumbi likiwa jingi, huchukua kati ya miaka mitano na 10. Likiwa jingi kupindukia, mtu aweza kuugua katika muda wa miezi tu.

Aina hii ya mwisho ilishuhudiwa nchini Marekani mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia, wakati handaki la maji la Hawks Nest lilipochimbwa kupitia mlima wenye silika nyingi. Miamba ilitobolewa ikiwa mikavu ili kazi iende kasi. Makadirio ya mtafiti mmoja aliyelichunguza suala hilo katika miaka ya 1980 yalikuwa kwamba vibarua wasiopungua 764 walikufa, wengi wao wakiwa watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki wakati wa mdororo wa uchumi.

KIFUA KIKUU

Seli zinazouawa na silika ndizo hizo hizo ambazo mwili huzitegemea kupambana na viini vya kifua kikuu. Ndiyo maana aliyevuta vumbi hilo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kifua kikuu, na hatari hiyo humfuata hadi uzeeni. Akiwa pia na virusi vya ukimwi, mambo haya mawili hayajumlishwi tu, bali huzidishana.

Kuna na saratani. Mwaka 1997, kituo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kiliorodhesha vumbi la silika linalovutwa kazini miongoni mwa vitu ambavyo imethibitishwa kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Kwa nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu kingali tatizo kubwa, uhusiano huu huleta mkanganyiko hospitalini. Kikohozi kisichokoma, kukonda, uchovu na kuishiwa pumzi ni dalili za magonjwa yote mawili. Picha ya eksirei nayo huonyesha madoa sehemu ile ile ya juu ya mapafu.

Mchimbaji anayefika zahanati akikohoa huenda akaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita, hata kama makohozi yake hayakuonyesha viini. Akimaliza dozi bila nafuu huonekana kuwa sugu kwa dawa. Wapo pia walio na yote mawili. Hao hupona kimoja, hurejea shimoni, na kuambukizwa upya.

Swali la kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani, na kabla yake alifanya ipi, halihitaji maabara wala umeme. Hata hivyo, ni swali ambalo katika foleni ndefu ya asubuhi husahaulika kwa urahisi.

SOMO LA JOHANNESBURG

Si kwamba maradhi haya ni mageni. Katika kitabu chake kuhusu uchimbaji madini kilichotoka mwaka 1556, Mjerumani Georgius Agricola aliandika kuhusu wanawake wa milima ya Carpathia walioolewa na hadi waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakimalizwa na vumbi la mgodini.

Lakini mahali palipotoa funzo kubwa zaidi ni Afrika Kusini. Dhahabu iligunduliwa Witwatersrand, pale ulipo mji wa Johannesburg, mwaka 1886. Katika mwongo uliofuata zililetwa keekee zinazoendeshwa kwa nguvu za hewa, zilizotoboa mwamba kwa kasi ambayo nyundo na patasi havingeweza kuifikia. Zilitoa pia vumbi ambalo nyundo haikuwahi kulitoa.

Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899, migodi ilifungwa. Ilipofunguliwa tena, wenye migodi waliwaita watoboaji wao wa zamani, wengi wakiwa Wazungu waliotoka Uingereza. Iligunduliwa kwamba zaidi ya 200 kati ya watu wapatao 1,400 walikuwa wamekwisha kufa. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 1902, na miaka 10 haikupita kabla ya nchi hiyo kuwa na sheria ya kuwafidia wagonjwa wa vumbi, mojawapo ya sheria za kwanza za aina hiyo duniani. Mwaka 1930, mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu silikosisi uliandaliwa Johannesburg na Shirika la Kazi Duniani (ILO).

Fidia hiyo, hata hivyo, ilipimwa kwa rangi ya ngozi. Mchimbaji mweupe alikaguliwa mara kwa mara na kulipwa vyema. Mweusi, ambaye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mwamba, alipewa kiasi kidogo na kurejeshwa kwao. Ubaguzi huo ulibaki katika sheria hadi mwaka 1993.

Kwao kulikuwa mbali. Wafanyakazi waliandikwa Lesotho, Msumbiji, Malawi, Botswana, Swaziland, na hata kusini mwa Tanganyika, ambako wanaume wa nyanda za Mbeya walisafirishwa hadi migodini kwa mikataba mpaka Tanganyika ilipojipatia uhuru. Kwa kuwa mikataba ilikuwa mifupi na silikosisi huchelewa kujitokeza, wengi waliugua wakiwa wamekwisha kurudi vijijini. Hawakuhesabiwa na yeyote. Takwimu za migodi zilionyesha wafanyakazi wenye afya kwa sababu wagonjwa hawakuwa wafanyakazi tena.

Ilipofika miaka ya 1990, watafiti waliamua kuwafuata huko huko nyumbani. Katika Transkei na Botswana walipata kwamba kati ya asilimia 22 na 36 ya wachimbaji wa zamani waliowapima walikuwa na maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi. Uchunguzi wa maiti nao ulitoa ushahidi wake: miongoni mwa wachimbaji dhahabu weusi, waliopatikana na silikosisi waliongezeka kutoka asilimia tatu mwaka 1975 hadi asilimia 32 mwaka 2007.

Sababu moja ya ongezeko hilo ni kwamba tangu miaka ya 1970 wachimbaji walianza kukaa kazini kwa muda mrefu zaidi. Nyingine ni kuwa vumbi lenyewe halikupungua. Tume ya Jaji Leon, iliyotoa ripoti yake mwaka 1995, ilisema viwango vya vumbi katika migodi ya Afrika Kusini vilikuwa vimebaki karibu vile vile kwa takriban miaka 50. Nchi iliyoufundisha ulimwengu kuhusu silikosisi ilikuwa imeacha kujifundisha yenyewe.

Kesi iliyobadili mambo ilikuwa ya Thembekile Mankayi, aliyefanya kazi chini ya ardhi kuanzia 1979 hadi 1995. Alikuwa amelipwa fidia ya randi 16,320 kwa mapafu yaliyoharibika, na sheria ilisemekana kumzuia kumshtaki mwajiri wake. Mnamo Machi 3, 2011, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa ana haki ya kushtaki. Mwenyewe hakuusikia uamuzi huo. Alikuwa ameaga dunia siku chache kabla.

Njia aliyoifungua ilipitiwa na maelfu. Mwaka 2016 mahakama iliruhusu wachimbaji wa zamani kushtaki kwa pamoja, mwaka 2018 kampuni sita zikakubali kulipa takriban randi bilioni tano, na Julai 2019 mahakama ikaidhinisha makubaliano hayo. Wanaohusika ni waliofanya kazi katika migodi husika kati ya Machi 1965 na Desemba 2019. Wengi wa waliostahili hawakuishi kuziona pesa hizo.

MAJI KWANZA

Dawa ya vumbi imejulikana kwa zaidi ya miaka 100, nayo ni maji. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Mmarekani John George Leyner aliunda keekee yenye msumari wa chuma ulio na tundu katikati, ambamo maji hupita hadi kwenye ncha inayotoboa mwamba. Vumbi hugeuka tope kabla halijaruka. Keekee kavu zilizotangulia wachimbaji wa Marekani walizipa jina la watengeneza wajane.

Kutoboa kwa maji ni mwanzo tu. Mawe yaliyolipuliwa hunyunyiziwa kabla ya kuzolewa, pamoja na kuta na sakafu ya njia. Maji yenyewe sharti yawe safi, kwani yanayozungushwa tena na tena bila kuchujwa hubeba chembe zile zile na kuzirudisha hewani yanapokauka.

Baruti hulipuliwa mwishoni mwa zamu, watu wakiwa wametoka, na hakuna anayeruhusiwa kuingia hadi muda uliowekwa upite na feni ziwe zimeiondoa hewa chafu. Mahali mawe yanapovunjwa au kumwagwa hufunikwa, na mabomba ya kufyonza vumbi huwekwa hapo hapo linapozaliwa. Kufagia vumbi kavu kwa ufagio ni kosa ambalo hufanywa na watu wenye nia njema.

Barakoa huja mwisho kabisa katika orodha hii, ingawa kwa wasimamizi wengi ndiyo huja kwanza kwa kuwa ni rahisi kuinunua. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi linaloonekana tu. Barakoa maalum ya kuchuja chembe ndogo husaidia iwapo imekaza usoni bila mwanya, jambo ambalo ni gumu kwa mwenye ndevu, na gumu zaidi kwa anayepiga nyundo katika joto la shimoni akitokwa jasho.

Yote hayo hayana maana bila kipimo. Mfanyakazi huvishwa pampu ndogo inayovuta hewa karibu na pua yake kwa zamu nzima, kisha vumbi lililokusanywa hupimwa maabara. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza silika isizidi miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa kuwa mtu huvuta takriban mita 10 za ujazo kwa zamu ya saa nane, hiyo ni nusu ya miligramu kwa siku, kiasi kinachokaribia uzito wa chembe chache za chumvi ya mezani.

Kumekuwa na majaribio ya njia ya mkato. Kati ya 1943 na 1979, wachimbaji katika jimbo la Ontario, Canada, walifungiwa katika vyumba vya kubadilishia nguo kabla ya zamu na kupuliziwa unga wa alumini, wakiambiwa wauvute kwa nguvu kwani ungewakinga na silikosisi. Kinga hiyo haikuthibitishwa kamwe. Mwaka 2022 jimbo hilo lilitambua kwamba unga huo unahusiana na ugonjwa wa Parkinson miongoni mwa waliouvuta, na serikali yake ikaomba msamaha. Kuuvuta unga kulikuwa rahisi kwa migodi kuliko kuondoa vumbi.

Wala haitoshi kushinda mara moja. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Appalachia, Marekani, maradhi ya mapafu meusi yalikuwa yamepungua sana kufikia miaka ya 1990. Mwaka 2018 watafiti wa NIOSH waliripoti kwamba katika eneo la kati la milima hiyo, mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya kazi kwa miaka 25 au zaidi alikuwa ameugua. Makaa mazuri yamepungua, mashine sasa hukata mawe mengi kuyafikia, na mawe hayo yana silika.

MIGORI NA MERERANI

Afrika Mashariki ina wachimbaji wa namna nyingine. Kenya ilikuwa na migodi mikubwa ya dhahabu enzi za ukoloni, Kakamega na Macalder, lakini leo wengi wanaoitafuta dhahabu katika kaunti za Migori, Kakamega na Vihiga ni wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua na kuwawekea utaratibu wa kupata vibali.

Shimo la aina hiyo ni jembamba na lina mlango mmoja. Hewa haizunguki. Maji, ambayo ndiyo kinga, hayaletwi chini ili kulowesha mwamba; yakipatikana huwa ni yale ya kisima yaliyofurika, nayo hupigwa pampu yatolewe. Juu, mawe huanikwa yakauke, yakapondwa kwa nyundo na kusagwa. Kazi ya kuponda aghalabu ni ya akina mama, baadhi wakiwa na watoto mgongoni, hivyo vumbi la mgodi humfikia hata asiyewahi kuingia shimoni.

Baadhi ya vipimo vya wachimbaji wadogo katika ukanda huu vinatoka Tanzania. Huko Mererani, wanakochimba tanzanaiti wale waitwao wanaapolo, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipata viwango vya vumbi na silika vilivyopita mipaka inayokubalika kwa mbali, hasa wakati wa kutoboa mwamba. Mwingine wa 2015, uliofanywa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ulipata wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa mita ya ujazo kwa wanaotoboa chini ya ardhi. Hiyo ni zaidi ya mara 330 ya kiwango cha NIOSH, na katika hewa kama hiyo mtu hahitaji miaka 10 ili augue.

Watafiti hao walipima pia kazi za juu ya ardhi. Huko silika ilikuwa takriban mara nne ya kiwango, tofauti inayoonyesha jinsi hewa wazi inavyosaidia, na jinsi isivyotosha.

Kwenye mashine za kusaga, ufumbuzi si ghali. Nchini Nigeria, majaribio ya kunyunyizia mawe manyunyu membamba ya maji kutoka kwa tangi lililoinuliwa yalipunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, kwa vifaa vinavyouzwa katika maduka ya kawaida ya mabomba. Kulowesha mawe kabla ya kuyaponda, kukaa upande upepo unakotoka, kuwaondoa watoto karibu na mashine na kutorejea nyumbani na nguo za kazi ni mambo yasiyohitaji kibali cha mtu. Shida ngumu iko chini, kwa anayetoboa, ambako panahitajika maji ya shinikizo, feni na mlango wa pili wa hewa. Mchimbaji mmoja hawezi kuvigharimia. Chama cha wachimbaji chenye kibali chaweza.

Kuhusu haki, Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za 2007. Ya kwanza humtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vumbi lenye madhara, na ya pili hutambua kuwa ugonjwa unaosababishwa na kazi hustahili fidia kama vile ajali. Zote mbili zinamtafuta mwajiri. Katika mashimo ambako mchimbaji hulipwa kwa mgao wa magunia ya mawe, mwenye shimo husema hakumwajiri mtu, mwenye shamba husema alikodisha ardhi tu, na mnunuzi wa dhahabu husema hamjui.

ILO na WHO zilianzisha mwaka 1995 mpango wa kuitokomeza silikosisi ulimwenguni, nazo ziliweka mwaka 2030 kuwa ukomo wake.

Kwa sasa, yeyote aliyewahi kuchimba, kuponda au kusaga mawe kwa miaka kadhaa, na sasa anakohoa au kuishiwa pumzi anapopanda kilima, anafaa kumweleza daktari kazi hiyo bila kungoja aulizwe, hata kama aliiacha zamani. Apimwe kifua kikuu kwa makohozi, apigwe picha ya kifua, na aiweke nakala ya picha hiyo. Silikosisi hutambuliwa kwa kulinganisha picha za miaka tofauti pamoja na historia ya kazi, na siku ya kudai fidia, karatasi iliyohifadhiwa nyumbani ndiyo huenda ikawa ushahidi pekee kwamba aliwahi kushuka shimoni.